Konzi ya Nyongeza

Baba yangu alikuwa akiniuzia sukari.

Kila Jumamosi asubuhi mama alinifungia senti kwenye pindo la kanga, zile senti kumi za tundu katikati, nikatoka Kirumba, hapa Mwanza, kwa miguu, nikavuka daraja la Mto Mirongo, nikaingia Uhindini hadi dukani kwake. Nilianza safari hizo mwaka 1954, nikiwa na miaka sita. Nilipanga foleni kama watu wote. Zamu yangu ikifika nilisema, "Bwana, naomba sukari ratili moja." Yeye hakujibu. Alitia jiwe la ratili kwenye sahani moja ya mizani, akamimina sukari kwenye sahani ya pili hadi zikalala sawa, akasokota gazeti likawa kama pembe ya ng'ombe, akaitia humo. Halafu, kabla hajafunga, mkono wake uliingia kwenye gunia na kutoka na konzi moja, akainyunyiza juu. Wengine hakuwaongezea. Alifunga, akaandika bei kwenye karatasi kwa kalamu ya risasi, akapokea senti zangu na kuzihesabu moja moja.

Mama akifungua pale nyumbani aliipima kwa macho, akasema, "Leo amekukumbuka." Alisema hivyo kila wiki.

Nilizaliwa upande wa Magu, kijiji kilichokuwa karibu na Ghuba ya Speke kiasi kwamba alfajiri tulisikia wavuvi wakigombania bei ya ningu na furu. (Siku hizi aina nyingi za furu ni za kusimuliwa, sangara amezimaliza, lakini hiyo ni kesi nyingine.) Baba alifika pale akiwa kijana, kumsimamia kaka yake duka la vijijini: chumvi, mafuta ya taa, majembe, nguo, na msimu ukifika, kununua pamba. Kiswahili alikuja nacho. Kisukuma alifundishwa na mama.

Hapa ndipo watu huikosea habari yangu, wakidhani mama alikuwa kimada tu wa dukani. Baba alitoa ng'ombe. Wanane, mchana kweupe, mbele ya wazee, babu akawapokea, na ng'ombe haohao ndio mjomba wangu aliowaswaga kwenda kumwoa mkewe. Kwetu Usukumani ng'ombe wakishapita, ubishi umekwisha: mtoto ni wa ukoo wa baba. Asingetoa kitu, ningekuwa mtoto wa babu, ukoo wa mama, na nadhani maisha yangu yangekuwa mepesi.

Kwa akina baba, ng'ombe hawakuwa ndoa. Walikuwa Banyani, Wahindu wafanyabiashara wa Gujarat kule India. Ndoa kwao ilipangwa na wakubwa, ndani ya watu wao, mbele ya moto na kuhani. Mwaka 1950 kaka yake akamletea mke kutoka Porbandar. Mama akahamishiwa mjini, akapangiwa chumba Kirumba, na kupewa ahadi: kodi ya chumba italipwa, sukari haitakosekana, ila jina la baba yangu lisitajwe popote. Ukihesabu unapata mambo matatu. Mama alisema ni mawili, maana sukari tulikuwa tunainunua.

Basi upande wa mama wakasema, "Ng'ombe zimeliwa, huyu ni wa Mhindi." Upande wa baba wakasema, "Huyu ni wa Mwafrika." Kila upande ulifuata sheria zake barabara, na kila sheria ilinikabidhi kwa upande wa pili. Wala hakuna aliyepandisha sauti. Watu wakisikia habari za ubaguzi hutegemea kusikia viboko na matusi. Mimi nilichokiona zaidi ni watu wapole wakinielekeza njia: si hapa mwanangu, nenda pale.

Mji wenyewe ulikuwa umeshapangwa kabla sijazaliwa. Wazungu juu kwenye mawe na upepo wa ziwa, Wahindi katikati na maduka yao, sisi ng'ambo ya mto. Shule tatu, wodi tatu, na kila mtu alijua yake ni ipi bila kuuliza. Hata Baraza la Kutunga Sheria kule Dar es Salaam, kuanzia 1955, upande wa wajumbe wasio maofisa wa serikali lilikuwa na viti 10 vya Waafrika, 10 vya Waasia na 10 vya Wazungu, katika nchi yenye Waafrika zaidi ya milioni 8 na Wazungu wapatao 20,000. Wenyewe waliuita usawa.

Mwaka 1956 mama alinipeleka kuandikishwa shule. Alinivalisha gauni jeupe, akanichana nywele kwa mafuta mpaka zikalala mgongoni, akaniongoza moja kwa moja hadi lango la shule ya Wahindi. Sitaitaja. Mama hakujua kusoma, lakini alijua shule ipi ina madawati. Mwalimu alitoka na rejista, akanitazama nywele, akaitazama mikono yangu, akamtazama mama. Akauliza kwa heshima tu, "Mama, baba yake ni nani?"

Mama alikaa kimya. Nakumbuka kidole chake kikisugua kiganja changu, kikienda na kurudi. Angesema jina, chumba kingekwenda. Asiposema, shule imekwenda. Mwalimu alingoja muda wa kutosha, siwezi kumlaumu kwa hilo, halafu akafunga rejista.

Shule ya Waafrika nayo mwalimu alifungua rejista yake, akaniangalia, akasema, "Huyu si wa kule kwao?" Ni mjomba aliyemaliza ubishi. Alikuwa karani, ana suruali iliyopigwa pasi na sauti ya ofisini. Akasema niandikwe kwa jina la babu, na ada atalipa yeye. Baadaye nilimuuliza kwa nini alihangaika hivyo na mimi wakati ana watoto wake. Akacheka. "Mke wangu nimemwoa kwa ng'ombe zako wewe," akasema. "Nikikuacha, nitalalaje?"

Darasani waliniita Mhindi koko. Wenye umri wangu wanalijua neno hilo. Kuna mbwa koko, yule asiye na mwenyewe, anayeshinda majalalani. Na kuna Mhindi koko. Nilipigana sana darasa la kwanza na la pili. La tatu nilikuwa nimejua kwamba ukiwa wa kwanza katika hesabu, watu hukuita jina lako wanapotaka kunakili.

Na hesabu hizo nilizipata kwenye sukari.

Bei aliyokuwa akiiandika baba ilikuwa kwa tarakimu za Kigujarati, kama daftari lake lote la mikopo. Nilikuwa najua mama amenipa senti ngapi, kwa hiyo taratibu nikaanza kulinganisha: hiki kidudu chenye mkia ni sita, hiki kama ndoana ni nne. Dukani nilimsikia akihesabu kwa sauti, ek, be, tran, char, panch, nikavioanisha vya sikio na vya jicho. Siku moja, nadhani nilikuwa na miaka tisa, nilikuta chini ya bei pameandikwa hesabu ya kujumlisha, bila jibu. Nilimuonyesha mama. Aliigeuza karatasi huku na huku, akaniambia, "Mimi na wewe nani anakwenda shule?"

Jumamosi iliyofuata nikamrudishia karatasi pamoja na senti, jibu limeandikwa kwa tarakimu zake. Aliitazama. Akachukua kalamu ya risasi sikioni, akatia alama ya vema, akaiweka ndani ya daftari. Tuliendelea hivyo miaka mitatu. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha, mpaka kugawanya kwa mafungu ya ratili na wakia. Hatukuwahi kusalimiana.

Nilivimba kichwa. Nilidhani nina baba wa siri ambaye ni mwema kuliko baba za wenzangu wa dhahiri. Likizo ya mwaka 1958 ndipo babu aliponipunguza.

Tulikuwa tunapembua pamba uani kwake, tunatenga nyeupe na ile ya fifi, iliyochafuka. Nikasema, kwa majivuno ya kitoto, kwamba baba ndiye anayenifundisha hesabu. Babu akasema, "Za kujumlisha au za kutoa?" Wakubwa wakacheka. Kisha akanieleza, bila hasira. Miaka ile baba alipokuwa mnunuzi, babu alimpelekea pamba kama wengine. Mzigo uliotoka nyumbani mzito ulifika mizani na kupungua, kana kwamba njiani umepata kuharisha. Kila mkulima wa Kanda ya Ziwa anazo hadithi hizo. Ndiyo maana wakulima walifikia kuchanga fedha na kuweka wapimaji wao wenyewe wasimame pembeni ya mizani za wanunuzi, na kutoka humo, kwa juhudi za akina Paul Bomani, vikakua vyama vya ushirika, hadi mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation. Watu huuzungumza ushirika ule kama habari ya siasa. Kwa babu ilikuwa habari ya mkwewe.

"Ulimwambia?" nikauliza.

"Mkwe hadaiwi hadharani," akasema. Halafu akaongeza ile methali ya pwani, ambayo sijui aliipata wapi mzee asiyewahi kuiona bahari: "Banyani mbaya, kiatu chake dawa." Akanielekeza kwa kidevu, maana yake dawa yenyewe ni mimi.

Sikulala vizuri usiku ule. Mkono ulioniongezea konzi ndio uliompunja babu. Nilitaka uwe mikono miwili ya watu wawili.

Niwe mkweli pia: si kila Mhindi alikuwa hivyo, na si kila mpunjaji alikuwa Mhindi. Amir Jamal alizaliwa hapahapa Mwanza mwaka 1922, akaja kushika Wizara ya Fedha miaka mingi, na sijawahi kusikia mtu akimtaja kwa mizani. Na wapimaji walipokuja kuwa ndugu zetu wenyewe wa chama cha ushirika, wakulima hawakuacha kulalamika. Mizani huharibika kwa kushikwa, awe anaishika nani.

Niipite haraka miaka ya katikati. Kulikuwa na stesheni ya reli, vyoo vimeandikwa cha nani na cha nani, na mama akaniambia, "Ingia popote, mkojo hauna kabila," nikaingia cha Wahindi, mtu akanitoa. Nikaingia cha Waafrika, mwanamke aliyekuwa humo akanitoa. Nikaenda nyuma ya behewa. Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye mzigo. Kulikuwa na uchaguzi wa kura tatu, ule wa 1958 na 1959, ambapo kila mpiga kura alitakiwa achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mjomba alikuwa na sifa za kupiga kura, akarudi jioni amefurahi, akanishika kichwa: "Nimewachagua wote watatu. Wewe tu ndiye hawakukuwekea kiti."

Na kulikuwa na Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru. Bungeni walikuwa wanajadili sheria ya uraia, na baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere akakataa, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuanza nchi kwa kupima rangi. Tulisikia habari hizo kwa redio ya jirani, watu wamejaa hadi barazani. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilitazama nyuso za watu wa mtaa wetu, watu walionilea, walioninyonyesha uji, na si wote waliofurahia. Jirani mmoja alisema, "Basi na maduka watabaki nayo." Kisha akaniona, akasema, "Si wewe, mwanangu. Wewe ni wetu." Nimeliona neno hilo mara nyingi tangu hapo. Hutolewa kama deni, si kama salamu.

Kuanzia 1962 shule zikaunganishwa. Mwaka 1964 niliingia kidato cha kwanza kwenye shule ya mjini iliyokuwa ya Wahindi, na njia ya kwenda huko ilipita lango lilelile la mwaka 1956. Lilikuwa dogo kuliko nilivyolikumbuka.

Dawati langu lilikuwa la pili kutoka dirishani. Mbele yangu alikaa msichana wa miaka kumi na mitatu, kasuka msokoto mmoja mrefu, mafuta ya nazi yananukia hadi kwangu. Nilimjua siku ya kwanza jina lake liliposomwa, kwa sababu jina la pili lilikuwa lile lisilotajwa. Yeye hakunijua. Nilikaa nyuma ya msokoto ule majuma matatu.

Mimi nilipokokotoa haraka niliandika pembeni ya daftari kwa tarakimu za sukari; kichwa changu kilikwisha zoea hivyo, mpaka leo nikihesabu fedha kimyakimya nahesabu ek, be, tran. Siku hiyo aligeuka kuomba kifutio. Macho yake yakaangukia pembeni ya daftari.

"Nani kakufundisha hizo?"

"Karatasi za sukari."

Akacheka kidogo. Halafu akaacha kucheka, akainama karibu zaidi, akiitazama tano yangu. Kumbe baba aliandika tano kwa namna yake, anaivuta shingo ndefu kupita kiasi, na mimi sikuwa nimewahi kuiona tano ya mtu mwingine. Akachukua kalamu, akaandika tano yake kando ya yangu. Shingo ndefu.

Hakusema neno. Aligeuka mbele. Kipindi kizima niliuona mgongo wake ukipanda na kushuka.

Jumamosi ile alinichukua hadi kwao, kwa mlango wa uani. Uani pale nilipajua. Miaka yote nikipata kiu Jumamosi nilizunguka nyuma, ambako ukutani palikuwa na msumari, na kwenye msumari kikombe cha bati, cha vibarua na wapagazi na mimi. Mdogo wangu alikipita kikombe kile, akaingia jikoni, akatoka na bilauri ya chuma, moja ya zile walizonywea wao, imejaa maji ya mtungini. Nilikunywa. Mama yake alitokea mlangoni nikiwa bado nimeinua kichwa. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, sari ya pamba, unga mikononi. Alijua mimi ni nani. Nadhani alijua siku zote. Alinisubiri nimalize. Akaipokea bilauri, hakuirudisha jikoni. Aliiosha kwa majivu pale bombani, akaiweka juu ya tofali, chini ya msumari wa kikombe cha bati.

Mdogo wangu alilia kwa aibu. Mimi sikulia, na sikujua nifikirie nini. Maana kuanzia siku hiyo bilauri ile haikuondoka juu ya tofali. Kila nilipokwenda, kwa miaka saba, niliikuta pale imesuguliwa inang'aa, na hakuna mwingine aliyeigusa. Haikuwa ya jikoni wala haikuwa ya msumari. Wakati mwingine pembeni yake palikuwa na chapati iliyofunikwa kwa sahani, bado ya moto.

Nimekuwa mwalimu kwa miaka thelathini na mbili, na wazazi wengine huniletea watoto wao wa mchanganyiko, wa Mchina, wa Mwarabu, wa Mzungu wa mgodini, wakitaka niwaambie neno. Ninalo moja tu. Mtu akikuuliza wewe ni kabila gani, tazama kwanza ameshika nini mkononi. Akiwa na rejista, anataka kujua kama utaandikwa. Akiwa na kikombe, anataka kujua unywee wapi. Akiwa mikono mitupu, huyo pengine anataka kukujua. Mjibu, mketi mzungumze.

Wasidhani nawasema Wahindi tu. Babu alifariki mwaka 1966. Nilifika msibani Magu kabla ya wajukuu wengine wote, nimetembea kutoka barabara kuu, viatu mkononi. Wanawake wa ukoo walikuwa wameketi kwenye mikeka chini ya mwembe. Nilipoinama niketi pamoja nao, mama mdogo mmoja aliruka, "Hapana, hapana, mleteeni kiti!" Kikaletwa kiti, cha pekee kilichokuwapo, cha mzee mwenyewe. Nikakalishwa juu, nikaletewa chakula kabla ya wote, michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando katika bakuli zuri. Walifanya hivyo kwa heshima tupu. Mgeni huheshimiwa. Nilikaa juu ya kiti cha babu, nikiangalia chini vichwa vya ndugu zangu, nikala peke yangu. Kiti kile kiliniuma kuliko kikombe chochote.

Bibi ndiye aliyeniona. Alikuwa haoni vizuri tena, lakini alisikia ukimya. "Mwangaluka, mayu," akaniita kwa Kisukuma, salamu ya asubuhi ingawa jua lilikuwa limeshaegemea. Akapiga mkeka kwa kiganja mara mbili. Nikashuka. Akanivuta kichwa kikaja mapajani mwake, akaanza kunisuka nywele hizi zisizoshika msuko, akisuka na kufumuka, akisuka na kufumuka, huku akiongea na wengine habari za mazishi.

Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Nyumba ya akina baba ilikuwa ya kaka yake, ghorofa moja, duka chini na wapangaji juu, ikaenda. Mjini kote watu walikuwa wanafunga masanduku, wengine Uingereza, wengine Canada. Sitaki kujifanya nililia. Kwenye chumba cha walimu tulilipigia makofi tangazo lile, na mimi nilipiga, kwa sababu wengine walikuwa wananitazama mikono.

Walichagua Leicester, Uingereza. Wiki ya mwisho baba aliniita. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeolewa, nina ujauzito wa mtoto wa kwanza. Nilizunguka nyuma, kwa mazoea. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni, fulana na miwani, amezeeka ghafla, na mbele yake sanduku la vifaa vya duka ambavyo havikupata mnunuzi. Alinitazama tumbo. "Dikri," akasema. Binti. Mara ya kwanza na ya mwisho. Nilitegemea kitaendelea kitu, nafikiri na yeye alitegemea. Badala yake akainama, akatafuta sandukuni, akanitia mkononi jiwe la ratili. Chuma cheusi, cha mviringo, baridi. Ratili zilikuwa zimeshaachwa, watu wanapima kwa kilo. Alinipa kitu kisichouzika, na hakuwa na kingine.

Bilauri sikuiona juu ya tofali siku hiyo. Mdogo wangu aliniandikia baadaye kwamba mama yake aliipakia.

Baba alifariki huko mwaka 1983. Barua ilichukua majuma matano kufika. Mama aliisikiliza nikimsomea, akauliza kama kule sukari ni ya bei.

Jiwe nimeishi nalo. Limezuia milango, limeponda karanga, watoto wangu wamelichezea. Mwaka juzi mjukuu aliligeuza chini juu akaniuliza lile tundu ni la nini. Sikuwahi kulitazama upande huo. Mawe ya chuma ya mizani huwa na tundu chini lililojazwa risasi, ili fundi aweze kuongeza au kupunguza mpaka uzito uwe sahihi. Tundu la jiwe langu lilikuwa tupu, na kuta zake zina mikwaruzo ya kitu chenye ncha.

Nilitembea nalo hadi duka la jirani, kwa kijana mwenye mizani ya umeme. Ratili kamili ni gramu 453 na ushei. Nikaliweka. Tarakimu zikacheza kidogo, zikatulia: 421.

Gramu thelathini na mbili. Konzi ndogo hiyo, konzi ya mtu anayefanya haraka asionekane na kaka yake.

Kijana aliniuliza kama nataka kuliuza, kuna mtu wa vyuma chakavu hupita Alhamisi. Nikamwambia hapana. Nikanunua sukari nusu kilo, akaimimina kwenye mfuko hadi mizani iliposema mia tano kamili, akafunga. Nilibaki nimesimama pale kaunta mpaka akauliza, "Kuna kingine, bibi?"

Lipo mlango wa uani. Jioni upepo wa ziwa ukianza, bila lile jiwe mlango hubamiza.